Kitunguu Chini ya Kitanda

Juzi, kwenye dirisha la farmasi moja ya mtaa wa Nyakabiga, niliona ua jekundu la amarilisi limechanua ndani ya kopo la maziwa.

Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa na ua kama hilo. Lilipokwisha kunyauka, alikata majani, akalisukuma kopo chini ya kitanda, gizani, kitunguu chake cha mzizini kikae bila tone la maji. Papa, baba yangu aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa amekwenda Dar na kukawia. Nilipouliza atarudi lini, mama alijibu, "Ua likitoka tena, papa yako atakuwa hapa." Yeye alikadiria tu majuma ya kungoja. Mimi nilielewa kwamba ua ndilo litakalomleta.

Basi kila mama alipokwenda sokoni, nilitambaa chini ya kitanda, kwenye vumbi na harufu ya dawa ya mende, nikakinywesha maji kile kitunguu. Sasa najua hulala kikavu, na usingizi huo ndio unaokipa ua.

Alasiri moja mama alilivuta kopo. Harufu ya uozo ikajaa chumbani. Alikibonyeza kitunguu, kidole kikazama.

"Nani alitiamo maji?"

"Ni mi, mama. Nimemuua papa."

Nilingoja kofi. Alifuta kidole kwenye kitenge, akaketi sakafuni karibu yangu.

"Apana sema vile tena," alisema polepole. "Ata mi ninaogopa."

Siku ya tatu honi ya lori la papa ililia barabarani. Nilikimbia mbio zangu zote, lakini mama alikuwa ameshanipita, bila viatu.