Jua Lilipopita Nyuma ya Setilaiti

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha setilaiti hapa Goma sikushika simu wala waya. Nilipewa ndoo na kitambaa. Mlima wa volkeno ulikuwa umemwaga majivu, na Chef wa kituo, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, akanionyesha antena yenye umbo la sahani.

"Masika, hii ni sikio. Sikio iko na buchafu haisikiake kitu. Pangusa."

Nikapangusa.

Sahani zetu hutazama karibu juu kabisa, kwa kuwa setilaiti za simu hukaa juu ya ikweta, nasi tuko jirani nayo. Ndiyo maana majivu hutua ndani yake kama unga kwenye sinia. Setilaiti yenyewe huzunguka sambamba na dunia, hivyo ukiielekezea sahani mara moja umemaliza. Ila iko mbali mno. Sauti huchelewa kidogo kupanda na kushuka, na wasiozoea husemeshana kwa pamoja, wakagongana.

Siku hizi vijana huniuliza juu ya kile kituo ambamo watu wanaishi angani, kinachoonekana jioni kama nyota yenye haraka. Hicho kiko chini sana. Kikipita juu ya sahani moja, muda si muda kimeshazama upande wa pili. Kwa hiyo watu wake huelekeza antena juu, kwenye setilaiti za kupokezana, na hizo ndizo huteremsha sauti hadi ardhini. Mtu wa Kibumba akitaka kumwita mwenzake aliye nyuma ya kilima, humpigia kelele aliye kileleni. Kazi ni hiyohiyo.

Kilichotusumbua kuliko mvua ni jua. Mwezi wa tatu na wa tisa, kwa siku chache, saa za adhuhuri, jua hupita nyuma ya setilaiti sawasawa. Sahani husikia makelele ya jua tu, na sauti ya setilaiti humezwa. Hakuna cha kutengeneza. Unasubiri.

Siku moja kama hizo alikuja Mama Kahindo, mkulima wa viazi kutoka Kibumba. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Mwanawe Kambale, dereva wa lori, alikuwa Butembo, na adhuhuri hiyo angeanza safari ya kuja Goma. Lakini kaka yake Mama Kahindo alikuwa ametoka Kalengera, kwenye barabara hiyohiyo, na habari kwamba watu wenye bunduki wanachoma malori barabarani. Mwenye kabini ya simu kule Butembo akamwita Kambale kutoka kwenye maegesho. Mama akashika simu.

"Kambale, mwana wangu, umeamka?"

"Nimeamka, mama. Muko bazima?"

"Tuko bazima. Muke yako iko aje? Na batoto?"

Sauti zikagongana, wakaanza upya. Mimi natazama saa ukutani. Chef akapaza sauti kutoka kwenye mitambo:

"Masika, ambia mama aseme mambo! Jua iko nakuya!"

Nikamgusa bega. Akanitazama kama mtoto asiyefunzwa kwao.

"Nitupie mutoto wangu habari mubaya mbele ya kumusalimia?" Akarudi kwenye simu. "Na mama mukwe, iko muzima?"

Jibu halikuja. Simu ilijaa mvumo. Nilimkasirikia yule mama, na zaidi ya hasira niliogopa. Chef alivua kofia yake akaishika mkononi. Mama Kahindo hakushusha simu sikioni.

Jua likapita.

"Allo? Mama, uko?" Ilikuwa sauti ya Kambale.

"Niko. Bado haujatoka?"

"Motere inalia inje, wenzangu bananiita. Lakini uliniuliza mama mukwe, sijakujibu. Nitatoka namna gani na salamu yako ingali njiani?"

"Usitoke, Kambale. Kalengera banachoma magari."

Sauti ilichelewa kidogo, safari hii kwa umbali tu.

"Nimesikia, mama. Sitoke." Halafu: "Mama mukwe iko muzima."

Malori yaliyotangulia siku ile hayakufika Goma. Chef alichukua kitambaa akaenda mwenyewe kupangusa sahani, ingawa ilikuwa safi.

Baada yake alikuja Ingenieri wa kanda, mtu wa kompyuta, aliyechukia salamu ndefu kwenye laini. Alibandika ukutani amri ya kusema kwa kifupi. Sikubishana naye, wala sikumgusa tena mtu bega.

Nilipostaafu niliomba ile sahani kuukuu, nikapewa. Aliyeibeba kwa lori lake hadi kwangu ni Kambale, ambaye sasa naye ni mzee mwenye mvi. Tulipokuwa tayari kuondoka, wapakizi wamekwisha kupanda na mvua inakaribia, alisimama mbele yangu akaniuliza habari za mume wangu, za watoto wangu, za mama mkwe wangu. Nikamjibu moja moja, mpaka zikaisha. Ndipo akawasha motere.