Kipanga wa Jioni

Nilipokuwa na miaka tisa, mwaka mmoja baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila kufungwa, nilijiona bingwa wa ndege walao nyama. Mwalimu wangu alikuwa bibi, mama yake baba, pale kwetu Kagerankanda. Mwewe hupiga mluzi wa kutetemeka juu ya nyumba zenye vifaranga. Kipanga hulia mchana, kwenye mashamba ya wazi. Bundi hukaa ndani ya miti, akalia giza likikaribia. "Sikiliza kwanza anapolia," alizoea kusema, "ndipo usikilize anavyolia."

Jioni moja mdogo wangu Elia alishikwa na homa kali, akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Degedege. Mama alimfunga mgongoni, baba akatoa baiskeli wamkimbize zahanati. Papo hapo ndege akalia kwenye mikaratusi nyuma ya jiko.

Bibi akasimama mlangoni. Kwetu bundi huita mtu wa kufa; akilia safari inapoanza, hakuna anayevuka kizingiti mpaka kuche. Tena ugonjwa wenyewe una jina la ndege! Baba, mtu mzima na ndevu zake, akaegemeza baiskeli ukutani. Nilimchukia.

Masikio ya bibi yalikuwa yameanza kuchoka, akanigeukia mimi. "Mwana wanje," mwanangu, "ni nani huyo?"

Nilimjua vizuri: bundi. "Kipanga, bibi. Yuko kule kwenye mihogo."

Baba na mama walikuwa wamesikia kama mimi, lakini hawakunibishia. Bibi akanitazama weee, kisha akasogea. "Mmesikia. Ni kipanga. Nendeni."

Walipoondoka aliniketisha jikoni, akanimenyea kiazi. "Kipanga gani," akauliza taratibu, "analia jua limeshazama?" Nilikiweka kiazi chini. "Nyamaza hivyo hivyo. Aliyeitwa amesikia."

Elia alipona. Siku hizi ananipita kimo na kunitania kwamba naogopa ndege. Bibi alifariki mwaka ule ule, kabla maharage hayajakomaa.

Najua malaria huletwa na mbu, na uzee haungoji bundi. Hata hivyo, akilia natoka uani, nasimama, nasikiliza kwanza anapolia. Kwa miaka mingi niliamini nilimdanganya bibi. Sasa naona alijua ni bundi, kwenye mikaratusi, kabla hajaniuliza. Alihitaji mtu mwingine aseme, ili yeye apate kuondoka mlangoni. Nimeshajiambia hivyo mara nyingi, na bado sijatulia.