Wimbo Uliofunikwa kwa Majina

Miaka ile ya ruksa ya biashara, mitumba na redio za kaseti zilipoanza kumiminika, alikuja kwetu Mungaa Mfaransa mmoja. Kazi yake kutunga muziki wa filamu. Jina lake ninalo, majina huwa hayanitoki, ila siliandiki. Alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, akizunguka na redio ya kurekodi begani, akinasa mlio wa kinu, kengele za ng'ombe, hata mlango wa zizi letu.

Siku moja natoka kisimani, namkuta binti yangu wa mwisho, mimba yake ya kwanza, miezi imetimia, anaiimbia ile redio wimbo wa wanawake. Ule huimbiwa mjamzito ndani, mlango umefungwa. Mwanamume wa kwetu akiusikia, mtoto hukwama. Dada yangu alikufa hivyo. Shemeji yake alisimama nyuma ya ukuta akasikiliza.

Nikatua ndoo.

"Umefanya nini wewe?"

"Mama, huko kwao nani anajua Kinyaturu?"

"Na hizo filamu za kwenye banda la video kule Shelui zinatoka wapi? Si huko huko? Wanaume watalipa kiingilio wakusikilize!"

Akacheka. Kisha akashika tumbo, kicheko kikakatika.

Mgeni akasema, "Shikamoo, mama." Nikaionyesha redio kwa kidole.

"Futa."

"Mama, mimi napewa picha tupu. Watu wanatembea, wanalia, hawana sauti. Natafuta sauti niwape. Kuna mwanamke anamngoja mwanawe. Wimbo huu ndio wake."

"Huyo wako wa kwenye picha hafi. Wangu anaweza kufa."

Akamtazama binti yangu. Akarudisha kanda nyuma.

"Sawa. Naiacha izunguke kimya, wimbo unafutika."

"Kimya kitafunika nini? Weka sauti. Nisikie imekaa juu yake."

Akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Taa nyekundu ikawaka. Nikaanza kutaja wanawake wote ninaowajua waliozaa wakapona: bibi yangu, mama, shangazi zangu, majirani, mmoja mmoja na ubini wake. Ulimi ulinikauka, kanda inazunguka tu, nikaogopa kunyamaza wimbo usije ukachomoza. Majina yakaisha kabla ya kanda. Nikataja la binti yangu.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Nilikuwa nimemhesabu miongoni mwa waliozaa, naye hajazaa.

Uchungu ulimshika jioni ile ile. Wanawake wakafunga mlango, wakaanza ule wimbo. Mimi nilimshika binti yangu mabega tu. Mtoto akatoka kimya. Mkunga akamgeuza, akampiga mgongoni, kimya. Wenzangu wakaacha kuimba. Mkunga akampiga tena.

Mtoto alipolia, nilikuwa nimeng'ata upindo wa kanga yangu hadi umetoboka.