Glasi Nne za Shangazi

Kwenye kliniki ya meno wote walimwita Shangazi, hata daktari, ambaye kwa umri ni rika lake. Miaka kumi na tisa amepiga deki sakafu ile, na hakuwahi kuona uchafu akanyamaza. Vitasa alivifuta mpaka watu wakaona haya kuvishika.

Kilichomshinda ni tangi la samaki, pale dirishani wanapongojea wagonjwa. Kila Ijumaa alimwaga maji yote, akasugua vioo, akaosha kwa sabuni hata sponji ya chujio mpaka ikatoka nyeupe pee. Ikifika Jumanne ukijani umesharudi, umetanda kila kioo. Daktari akachoka. Akamwambia kwa upole kwamba mwisho wa mwezi ukikuta hali ni hiyo hiyo, tangi linaondoka na samaki atawagawa.

Likamkaa rohoni, kwa sababu ya samaki mmoja mwekundu, mnene, aliyembatiza Bosi. Kila asubuhi akiingia na ndoo, Bosi alikuja mbio kwenye kioo, mdomo unafunguka na kufungika. Watoto wa Shangazi wameshahamia mbali, na mumewe si mtu wa kuinuka kitini kumlaki mtu. Bosi alikuwa anamlaki.

Sasa Shangazi kitu kikimshinda hakasiriki, anakichungulia. Akabeba maji ya tangi kwenye chupa mpaka kwake, akatoa glasi nne. Ya kwanza akaitia maji ya bomba, ya pili maji ya tangi, ya tatu maji ya tangi na chengachenga za chakula cha samaki. Zote akazipanga dirishani. Ya nne ilikuwa kama ya tatu, ila hiyo aliifungia kabatini. Mumewe, dereva mstaafu, akatafuta cha kunywea maji akakosa.

"Mke wangu," akasema, "hawa wageni wako wa dirishani wanaondoka lini?"

"Wakishasema walichokuja kusema."

Walichukua siku sita. Ya bomba ilibaki safi. Ya pili ilishika ukijani kidogo. Ya tatu ilikuwa kijani tupu. Ya kabatini ilinuka balaa, lakini kijani haikuwa nacho. Kufikia hapo mumewe naye alikuwa anazichungulia kabla hata ya chai.

"Kumbe kinakula hiki kitu," akasema. "Kinakula halafu kinaota jua."

La jua lilikuwa rahisi, Shangazi akashusha pazia la kliniki. Chakula ndicho kilimchanganya, maana aliwapa kidogo tu, asubuhi. Akachora mstari wa kalamu kwenye kopo la chakula. Jioni akakuta kimeshuka kidole kizima.

Akawauliza wenzake wa kliniki. Dada wa mapokezi akakiri kwamba huwapa saa nne, Bosi akimwangalia anashindwa kuvumilia. Daktari akajikuna shingo, akasema yeye huwapa mchana, na jioni pia akikumbuka.

"Si anakuja kwenye kioo jamani," akajitetea. "Nikajua Shangazi kasahau."

Shangazi akacheka nao, ila ilimchoma. Kumbe Bosi humlaki kila mwenye chakula mkononi.

Akalitia kopo mfukoni mwa koti lake la kazi, hakuligusa mtu tena. Halafu akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, naye akampa neno lililomuuma zaidi: ule utelezi wa kwenye sponji ndio unaosafisha maji, na yeye kila Ijumaa anaumaliza kwa sabuni. Aisuuze tu kwa maji ya tangi lenyewe, na maji abadilishe robo.

Ijumaa alisimama na sponji mkononi, ya kahawia, vidole vinamwasha. Akaikamua mara mbili ndani ya ndoo, akairudisha na utelezi wake. Aliondoka pale kama mtu aliyeacha mlango wa nyumba wazi.

Mwisho wa mwezi daktari akaja, akainama. Doa la kijani lilikuwepo bado kwenye kona, lakini kokoto za chini ungeweza kuzihesabu. La kuondoa tangi hakuligusia. Aliuliza tu kama anaweza kupewa zamu ya kulisha, hata siku moja kwa wiki. Shangazi akamwambia atafikiria.

Kesho yake aliingia na ndoo, Bosi akaja mbio. Shangazi hakulitoa kopo. Akamwonyesha viganja vyote viwili, vitupu, akavuta kiti, akaanza kuhesabu Bosi atakaa pale kwenye kioo kwa muda gani.