Daftari la Flash la Mama Mulki

Mama Mulki hakuamini kitu. Ukimwambia kumekucha, anafungua dirisha kwanza. Alikuwa na kibanda cha kupiga chapa nyuma ya msikiti, Kitale, na kompyuta yake moja ilipouawa na virusi mwaka wa 2007, nilimwekea Linux badala ya Windows, kutoka kwa CD ya Ubuntu iliyonijia kwa posta.

"Ulinunua pesa ngapi?"

"Ni ya bure, Mama. Unaomba, wanakutumia kutoka ng'ambo."

"Na stempu?"

"Walilipa wao."

Alinitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe wa wizi. "Mzungu alipe stempu mpaka Kitale, halafu asitake kitu? Wewe fundi wa nusu diploma, hata chai yangu hujawahi kunywa bila kuomba andazi."

Nilipofungua lile dirisha jeusi la amri ili tuunganishe printa, likataka paswadi. Akaandika. Hakuna herufi iliyoonekana, hata nukta.

"Inaficha maandishi yangu! Inampelekea nani?"

Nikamwambia kibanda hakina hata waya wa intaneti. Akainama kuangalia chini ya meza. Tangu siku hiyo, akimaliza kazi aligeuza skrini ikatazama ukuta, kisha akaifunika kwa leso.

Wateja nao hakuwaachia. Flash yako ikishafunguliwa, ulisimama hapo akinakili kila jina aliloliona kwenye skrini, herufi kwa herufi, kisha ukatia sahihi daftarini.

"Mama, kwani hapa ni polisi?"

"Polisi wana mwandiko mzuri hivi?"

Mteja wake mkubwa alikuwa Mwalimu Wabwile, wa shule moja ya msingi Bungoma, upande wa Kibabii. Kila muhula alimletea mitihani aipange vizuri. Alikuja mpaka Kitale kwa sababu huku hakuna mwanafunzi wake mwenye shangazi.

Jumatatu moja aliingia bila salamu.

"Mama Mulki, mtihani wa darasa la nane umeenda wapi?"

"Nilikurudishia Ijumaa, ndani ya flash yako. Na hujambo pia."

"Shuleni tumefungua, folda hakuna! Mwalimu mkuu anasema ati umeitoa ukauzia shule ya Kiminini. Isipopatikana leo, hatuleti kazi tena, na kila shule itaambiwa kwa nini."

Mama Mulki alinigeukia mimi. "Si nilikuambia? Mashine yako ya bure imeshachukua malipo yake."

Akachukua flash ya Wabwile, akaichomeka. Folda ya mitihani ikajitokeza, na faili zake tano ndani.

Wabwile akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Haki ya Mungu, hii shuleni haikuwako."

Kando yake kulikuwa na kitu kingine: New Folder.exe. Nikawaeleza kwamba hicho ni kirusi. Kinaificha folda ya kweli, na kompyuta za shule, zenye Windows, zikiambiwa kitu kimefichwa, hazikionyeshi. Linux haijali, inaonyesha tu. Na kirusi chenyewe hakiwezi kufanya kazi ndani yake.

"Basi kilitoka hapa," Wabwile akasema.

Mama Mulki akalowesha kidole, akafunua daftari mpaka Ijumaa, pale flash ilipoingia kwake. Mstari wa pili, kwa mwandiko wake: *New Folder.exe, hiki sikijui.* Chini yake, sahihi ya Wabwile, yenye mkia mrefu.

Mwalimu akaisoma mara mbili. Akatoa simu.

"Mwalimu mkuu, mtihani uko... Hapana, si huyu mama. Ni hizo cyber zetu za intaneti huko Bungoma, bana." Akafunika simu kwa kiganja. "Mama, unisamehe. Muhula ujao niko hapa."

"Na daftari litakuwa hapa."

Alipoondoka, nilingoja angalau andazi moja la kunishukuru kwa Linux. Lakini yeye alikuwa bado anaikodolea macho skrini.

"Fundi. Vilivyofichwa vya wenzangu, hii imeviona vyote?"

"Vyote, Mama."

"Na nikificha changu, itamwonyesha nani?"

Akaigeuza ikatazama ukuta, akaifunika. Leso mbili.