Daktari Aliyekwenda Kutafuta Mto

Mwaka 2018 mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka saba, na moyo wake ulikuwa na tundu. Tulikaa Gulfton, mtaa wa wahamiaji ng'ambo, mbali na kwetu Afrika. Mama alifanya usafi hotelini, kwa hiyo mchana nilikuwa naye mimi, msichana wa darasa la saba niliyekuwa nikisoma Kiingereza kwa kidole, neno moja moja.

Kitabu nilichomsomea alikichagua yeye maktaba, kwa ajili ya picha: daktari mwenye ndevu amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mtoto. Aliishi Uingereza zaidi ya miaka mia iliyopita. Aliwatibu watoto wa maskini, na alikaa chini ili wasimwogope. Kisha akaacha wodi yake, akapanda meli, akaenda Afrika kutafuta chanzo cha mto. Wapagazi walimbebea dawa, na kila kijiji akina mama walimletea watoto wao.

"Na wapagazi wakiugua?" mdogo wangu aliuliza.

"Aliwatibu."

"Na yeye akiugua?"

Nilikuwa nimeshasoma mbele. Homa ilimuua njiani, mto hajauona.

"Dada, alirudi?"

"Alirudi. Watoto wa wodini wakamlaki."

Kwetu mgonjwa haambiwi habari za kifo. Hata alipokwenda kupasuliwa moyo mwaka ule, mama alimwambia anakwenda kupigwa picha ya kifua tu. Mkalimani wa hospitali alipouliza kama mtoto ameelezwa, mama alisema ndiyo. Nami nilikuwepo, sikumsahihisha. Mdogo wangu alizinduka na bandeji kifuani, akalia mpaka sauti ikakauka.

Mwaka uliofuata madaktari walisema lazima wamfungue tena. Wakati huo alikuwa amenipita kusoma. Siku moja alikuja jikoni na kile kitabu.

"Muongo wewe! Alikufa. Imeandikwa hapa."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Na Alhamisi naenda kupigwa picha tena, eti? Siendi. Mnibebe kama gunia."

Mama, aliyekuwa akipika, alinitazama, akatikisa kichwa nisimwambie. Mimi si mtu wa kubishana na mama. Hata wageni wakija najificha chumbani. Lakini daktari wa hospitali alikuwa amesema mtoto asipokwenda, moyo utachoka.

"Si picha," nilisema. "Watakupasua. Utaumia."

"Nitakufa?"

"Sijui. Wanasema wengi wanapona."

"Wapi watakata?"

Nilimwonyesha kwenye kifua changu. Mama aliweka mwiko chini, akaingia chumbani akafunga mlango.

"Ukimtia hofu akafa, utanijibu," aliniambia baadaye.

Alhamisi mdogo wangu alivaa viatu mwenyewe. Tulisubiri hospitali tangu asubuhi, mama kiti kimoja, mimi kingine, mkoba wa mama katikati. Mchana walituita. Alikuwa hai. Alikuwa amefumbua macho, midomo imekauka, na mama aliinama akamshika mkono, akamwita mwanangu, mwanangu.

"Dada yuko wapi?" aliuliza.

Mama aliuachia mkono wake. Kisha akasogea, akaniachia nafasi.