Hukupiga

Juzi hospitalini Kilifi, muuguzi mmoja msichana alinivalisha hedifoni, akanipa kitufe mkononi. "Shikamoo, mama. Nitakupigia ti-ti-ti. Ukisikia tu, bonyeza." Nikatulia kusubiri, na kumbe aliyenijia kichwani ni baba.

Kama ulikulia Junju miaka ya themanini, matimbo unayajua. Baba alichonga mawe ya kujengea, ko, ko, ko, tangu asubuhi, peke yake shimoni. Sisi watoto tulikatazwa kusogea kule, maana vipande viliruka machoni. Basi kila likizo mama akishasonga sima huchukua ndoo akaenda zake kisimani, mbali, akaniachia kazi ya kugonga ringi ya lori iliyoning'inia mkoroshoni, ili baba aje kula.

Nagonga weee, mpaka mkono unakufa ganzi. Haji! Sima inakauka, mchicha wa nazi unapoa na kufanya utando. Alasiri ndiyo anatokea, kope nyeupe kwa vumbi. "Hukupiga," anasema.

"Nimepiga, baba, haki ya Mungu!"

Mama ananisokota sikio. "Muongo we!" Sikufichi, inanikera mpaka leo.

Siku moja nikasikiliza vizuri. Kumbe nilikuwa nikigonga pamoja naye, ko langu likimezwa na ko lake. Akipiga sita husita, apulize vumbi. Nikangoja pale aliposita, nikagonga. Akaja! Sima bado inatoa moshi. Nikajua leo nitaaminiwa.

"Haya, si umeona?" mama akasema aliporudi na ndoo, akamkuta baba anakula. "Leo umepiga, amesikia. Siku zote ulikuwa unacheza."

Nililia kwa hasira, nikakataa kula.

Mwaka uliofuata hata aliposita hakusikia tena. Hakuna aliyewaza masikio. Tulisema baba amekuwa mkaidi. Alikufa hivyo hivyo, tukimpigia kelele. Timbo limefukiwa, pamejengwa nyumba za kupangisha. Mkorosho haupo, na ringi sijui nani aliiuza chuma chakavu. Nani sasa nimwambie kwamba nilipiga?

"Mama, mbona hubonyezi?" Muuguzi alikuwa ameniinulia hedifoni upande mmoja.

"Kwani umeshaanza?"

"Nimepiga, mama. Mara nyingi."

"Hukupiga," nikamwambia, na hasira zilinipanda kwelikweli.

Maskini msichana wa watu. Akanirudishia hedifoni, akageukia mashine yake. Nikakaza macho kwenye kidole chake. Kilikuwa kinapiga.